Mchunga Niliowapa Kuku

Bibi,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini sitaki unigombeze tena kwa kuingia bila adabu. Siku niliyohamia uani kwako hapa Bigwa, Morogoro, nilikusalimia "Habari yako," kama tunavyosalimiana kwetu Nakuru. Ukanitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu, ukasema, "Habari yangu? Kwani mimi rika lako, we Mkenya?" Basi jina likawa hilo. Miaka miwili sikuwahi kukusikia ukiniita Daniel.

Habari za hapa ni hizi. Kisomo cha arobaini yako kilikuwa Jumamosi, na watu walijaa mpaka njiani. Mvua zimeanza, mlima hatujauona tangu juzi. Binti yako Saumu amerudi kutoka Dar na amehamia kwenye nyumba kubwa. Mkataba wangu kule kwenye kampuni ya mboga umekwisha, na Ijumaa asubuhi napanda basi Msamvu nirudi Kenya. Ndiyo maana naandika leo. Kuna jambo sikukwambia ukiwa hai, na sitaki kuvuka nalo mpaka.

Mboga zako nilikuwa nawapa kuku.

Si zote. Ni za miezi minne ya mwanzo. Kila Alhamisi jioni ulikuja na lile bakuli la bati lenye ua jekundu, umelifunika na sahani, ndani mna majani ya mchunga yaliyoungwa kwa nazi, na bonge la ugali wa muhogo. Mimi nilikuwa fundi wa vyumba vya baridi. Kutwa nzima nahakikisha mboga za watu hazinyauki kabla ya kusafirishwa, halafu jioni nakula chipsi mayai. Mchunga niliuonja mara moja tu, ule uchungu ukanipanda hadi masikioni. Nikasema aka, hii ni dawa, si mboga. Nikafungua mlango wa nyuma, kuku wako wakafanya karamu.

Halafu nililiosha bakuli kwa sabuni, nikalisugua mpaka likang'aa, nikakuletea. Nilijiona mtu mstaarabu sana. Wewe ulichungulia ndani, ukasema, "Limerudi na njaa," ukaingia zako ndani. Ikabidi jirani anieleze kwamba hapa chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni limau moja utaweka. Tangu siku hiyo nikawa naweka nyanya mbili au tatu. Ukanisifu kwa majirani kwamba Mkenya ameshika adabu upesi, na mimi nikaitikia tu, huku mboga zako ziko kwenye matumbo ya kuku. Niliona aibu, Bibi, lakini sikuona njia ya kurudi nyuma.

Siku niliyokula ilikuwa ya mvua kubwa. Gesi ilikuwa imeniishia, barabara imejaa tope, na kwenda kutafuta chipsi haiwezekani. Nilikuwa na bakuli lako tu. Tonge la kwanza nilimeza kwa shida. La pili nikasikia tui. La tatu sikulihesabu tena, na nilipokuja kushtuka nilikuwa napangusa bakuli kwa kidole. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Morogoro nilishiba kweli. Kule nyuma kuku walikuwa wakidonoa mlango.

Baada ya hapo unajua mwenyewe, nikawa siondoki jikoni kwako. Ulinipeleka pembeni ya shamba ukanionyesha majani machanga ya kuchuma na yale ya kuacha. Chemsha, mwaga maji. Chemsha tena, mwaga, kamua kwa mkono. Tui zito la mwisho, na usiuache moto peke yake. Nilipouliza kama maji ya kwanza hayatoshi, ulinijibu, "Ukiwa na haraka kale chipsi zako." Wanawake wa jirani walicheka kuona dume zima limekaa mbele ya mafiga linakuna nazi. Wewe hukucheka. Ulinisogezea mbuzi ya kukunia nikae vizuri, basi.

Alhamisi ile ya mwisho ulileta bakuli kama kawaida, ukalalamika magoti. Jumamosi asubuhi mlango wako haukufunguka. Bakuli likabaki kwangu, juu ya meza, siku arobaini na ushee. Sikuweza kumpa Saumu likiwa tupu, na nyanya safari hii niliona hazitoshi. Nikaamua litarudi na mchunga, na atakayelipokea nitamwambia ukweli wote, anichukie akitaka.

Jumamosi ya kisomo, sufuria ya kwanza niliiharibu. Wageni walikuwa wameanza kufika, nikapata kiherehere, nikamwaga maji mara moja tu. Mchunga ulitoka mchungu kiasi kwamba niliutupa nyuma, na hao kuku wako wakadonoa mara moja wakaondoka. Nikarudi shambani kwenye mvua nikachuma upya. Ya pili niliipika kama ulivyosema, sikunyanyuka hata simu ilipoita.

Nilimkuta Saumu nyuma ya nyumba, wanaume wanakoroga pilau. Nikampa bakuli mikono miwili, nikamwambia yote hapo hapo nimesimama, miezi minne, kuku, nyanya, kila kitu. Saumu akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye gogo, halafu akalia, halafu akacheka tena.

Kumbe ulijua, Bibi.

Anasema ulijua tangu wiki ya pili, kwa sababu kila Alhamisi kuku wako wote walihamia mlango wangu wa nyuma kabla hujamaliza hata kupakua. Alikuuliza kwa nini unahangaika na mtu wa namna hiyo, ukamwambia, "Mwache, yuko mbali na kwao." Na kuna siku ulimpigia simu akiwa kazini Dar, akadhani kuna msiba. Ulikuwa unataka kumwambia kwamba kuku wamekaa mlangoni kwangu mpaka giza na hawajapata kitu. Ukamalizia kwa maneno mawili, "Mkenya amekula," ukakata simu.

Nilikaa kwenye gogo pale pale na mimi nikalia, mbele ya wapishi. Shoga zako wa madrasa walilizunguka lile bakuli na hawakuacha kitu. Mmoja alisema mchunga umepungua chumvi. Nikamshukuru.

Basi Bibi, kwaheri. Nisamehe mchunga wa miezi minne. Nyumba nitakayokaa Nakuru, jirani akihamia, Alhamisi nitampelekea chakula, na akiwapa kuku nitampelekea tena Alhamisi nyingine. Sitamuuliza.

Leo asubuhi Saumu amenigongea. Amesema bakuli niende nalo, ni langu. Alikuwa amelifunika na sahani kama wewe. Nimefunua nikakuta mayai manne ya kuku wako, bado yana joto.

Mimi,
Mkenya