Pampu Namba Tatu

Kolwezi, tarehe 9 Machi

Tata yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, mimi binti yako Tshiela. Goti lako la kushoto linaendeleaje na mvua hizi za Sandoa? Na yule mbuzi mbishi, bado anakula kamba anayofungwa nayo? Huku mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nyumba nayo ni nzima, ila bati la jikoni linavuja palepale ulipopaziba kwa lami, na kila mvua ikinyesha nakutaja kwa jina lako lote, Kanyinda na mengine.

Alfani alifika Jumatano na lori lake la mahindi. Alinikabidhi sanduku lako la chuma pamoja na barua, akasema ulimwonya mara tatu asiliache lilowe. Nililifungua nikidhani umenitumia karanga. Nikakuta bisibisi zako zote, koleo lenye mpira mwekundu, kipima umeme chako, na lile daftari la jalada la bluu ambalo hata Mama hakuruhusiwa kuligusa. Tata, nilikaa chini sakafuni na viatu vya kazi miguuni, na sikuinuka haraka.

Barua yako ni fupi, kama kawaida yako. Umeandika kwamba pampu namba tatu imekushinda. Kwa miezi kumi na minne, kila Jumapili, umenielekeza kwa simu, nami kila Jumapili nimekujibu kwamba imesimama tena. Sasa umeamua kwamba kosa haliko kwenye waya wala kwenye boya la kupimia maji, bali kwenye programu uliyoiandika wewe mwenyewe. “Mi njo nilikosa, mwanangu. Muachie bafute yote, baandike ya mupya.” Alfani akaniongezea la kwake, kwamba siku hizi hata jirani akikuletea redio unamrudisha nayo, unamwambia atafute fundi.

Najua ungependa nikupigie simu tuyamalize. Lakini kwenye simu mimi si wa kuaminika, na utaona sababu. Ndiyo maana nimekaa mezani na kalamu.

Nianze na habari za kazi, maana najua ukishaona habari nyingine utaruka mistari. Otomate yako ya zamani, ile kompyuta ndogo ya ndani ya kabati iliyoamuru pampu zote za kutoa maji kwenye shimo letu la mgodi, imezimwa mwezi Januari. Vipande vyake havipatikani tena popote. Tumeweka mpya, na kazi ya kuihamisha programu nilipewa mimi. Mashine mpya iliipokea mistari yako yote vizuri, ila maelezo uliyoyaandika pembeni ya kila mstari hayakuvuka. Yalibaki kwenye kompyuta ya zamani. Ingénieur Louis, mkuu wetu, alisema tuyaache, kwa kuwa mistari inajitosheleza.

Tata, ulijua kwamba umeandika maelezo mia nne na kumi na mbili? Mimi nimeyahesabu, kwa kuwa niliyaandika upya yote kwa mkono wangu, wiki tatu nzima, wakati wenzangu wakienda kula bukari. “Hapa ungoje sekunde makumi tatu, maji inatulia kwanza.” “Hii usitoshe,” yaani usiiondoe, “ata kama unaona haina kazi. Iko na kazi.” Kuna mahali umeandika tu, “Nilichoka leo, nitarudia kesho,” na mstari unaofuata ni wa kesho yake kweli. Louis aliniuliza yana faida gani maneno ya Kiswahili cha Kolwezi ambayo wataalamu wanaotoka nje hawayasomi. Nilimjibu kwamba wataalamu hao hukaa wiki mbili wakapanda ndege, na sisi ndio tunaobaki na maji.

Alikuja kunielewa mwezi Februari. Mvua ilinyesha siku mbili bila kukata, na asubuhi ya tatu pampu namba moja ikazima. Maji ya shimo yakaanza kupanda kuelekea barabara ya magari. Louis alikuwa na haraka, akataka tuilazimishe kutoka kwenye kompyuta, yaani tuiamuru izunguke hata kama otomate inakataa. Unajua pampu ikilazimishwa bila kujua sababu huweza kuungua. Nilishika mkono wake, mkuu wangu, Tata, nikamwambia maneno yako hasa: “Usiguse kintu. Angalia kwanza ni taa gani inawaka.” Tukaangalia. Taa ya boya la chini ilikuwa ikiwaka na kuzima, yaani boya lilikuwa likidai kisima ni kikavu, na sisi tumesimama ndani ya maji. Nikafungua mstari wake, na pembeni ulikuwa umeandika: “Ikisimama wakati wa mvua, uangalie boîte ya chini. Inakunywaka maji.” Tulilifungua sanduku hilo la waya, likatapika maji kama sufuria iliyopinduliwa. Tukalikausha, tukabadilisha mpira wa mfuniko, na kabla ya saa nne pampu ilikuwa ikizunguka. Kesho yake Louis aliniomba nimfundishe kusoma maelezo yako yale yenye maneno ya Kilunda uliyoyapata kwa Mama.

Sasa utajiuliza mbona siku ile sikukupigia. Hilo nimejiuliza pia, na jibu lake linaniaibisha. Sikukupigia kwa sababu siku ile kulikuwa na hitilafu ya kweli.

Tata, pampu namba tatu ilisimama mara moja tu. Ilikuwa Jumapili ya kwanza, miezi kumi na minne iliyopita. Ulinielekeza, nikakuta skrubu moja imelegea, nikaikaza, na tangu saa ile mpaka leo ninapoandika inafanya kazi bila kukohoa. Programu yako haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi, niliyekudanganya Jumapili baada ya Jumapili.

Utaelewa nikikukumbusha. Tulipompeleka Mama kuzikwa kwao Sandoa, ulisema utabaki wiki mbili, mpaka matanga yaishe. Sasa ni mwaka wa tatu. Nikikupigia ulikuwa unanijibu kwamba umekula, kwamba mvua imenyesha, kisha unasema haya, salamu, unakata. Sikukulaumu, kwa sababu nyumbani Mama ndiye aliyekuwa akiongea kwa niaba yetu sote. Lakini Jumapili ile ya skrubu uliongea dakika arobaini. Ulicheka hata. Ulinieleza ulivyofundishwa kazi kule Nzilo, ukiwa kijana, na jinsi ulivyowahi kufunga waya kinyume ukazima taa za kambi nzima. Sikuwahi kuyasikia hayo. Wiki iliyofuata nilikupigia kukuambia pampu imepona, ukasema, “Njo vizuri,” ukakata. Nikakaa na simu mkononi ndani ya nyumba hii yenye viti sita. Jumapili nyingine nikakuambia imesimama tena.

Na siku ulipotaka kusikia mlio wake, sikuwa kazini, Tata. Nilikimbia na simu kwa jirani yetu Mama Rachida, nikaisogeza kwenye mashine yake ya kusaga mihogo. Ndiyo maana ulisikia jogoo, ukauliza jogoo anatafuta nini kwenye pampu za shimo, nami nikasema ni wa mlinzi. Ulisikiliza, kisha ukasema, “Rulma inakufa, ile ya kuume. Haifiki mwezi.” Nilimwambia Mama Rachida, kwa kuona haya tu. Fundi akaifungua, na beringi ya kulia ilikuwa imekwisha kabisa. Umbali wote huo, kwa simu yenye kioo kilichopasuka, ulisikia ugonjwa wa mashine usiyoijua. Na mtu huyo ndiye anayejiita si fundi, kwa sababu ya uongo wangu.

Sikufikiri ungeumia. Niliona furaha yangu tu, kwamba saa kumi ya Jumapili ikifika nina baba. Sikuona kwamba kila nikisema imesimama tena, wewe unabaki huko usiku na mchana unautafuta mstari uliokosea, na haupo. Nisamehe, Tata. Nimekukosea mahali unapopathamini kuliko pote.

Alfani anarudi huko kesho kutwa, na sanduku lako analo kwenye lori, limefunikwa na nailoni. Kila kitu kimo isipokuwa daftari la bluu. Hilo nimelizuia. Ukilitaka, njoo ulichukue mwenyewe. Chumba chako nimekifagia, na Louis ameahidi kukupitisha getini ukaione otomate mpya ikisema maneno yako. Ukiona bado huwezi kumwacha Mama peke yake, baki naye, sitakasirika. Lakini ipokee redio ya jirani.

Mama Rachida anakusalimu sana, anasema mashine yake inakuombea dua. Nisalimie wajomba wote, na ukifika kwa Mama, mng’olee majani kwa niaba yangu.

Jumapili nitakupigia saa kumi, kama siku zote. Hakuna kilichoharibika. Usipokuwa na la kusema, usikate. Weka simu karibu yako na uendelee na shughuli zako, nami nitasikiliza tu.

Binti yako akupendaye,

Tshiela