Vidonge Viwili vya Anchia

Jumatatu, 3 Machi
Wiki nzima sijaandika. Nisamehe, daftari, mtoto mchanga hanipi mkono wa kushika kalamu. Mkubwa wangu, Anchia, analala kwa mama mkwe, nyumba ya pili, tangu nijifungue. Dawa za kifafa anampa yeye. Fenobarbital imeisha kabisa, tekniko, tabibu wetu wa hospitali, aliipunguza kidogo kidogo. Sasa karbamazepina peke yake, mara mbili kwa siku. Kwenye fenobarbital hakuanguka miezi mitatu, lakini alikuwa gogo. Miaka sita, anasinzia na tonge mkononi. Quitunda, kijiji kizima, wakamsifu adabu. Leo kanitukana mara mbili. Nimefurahi mpaka aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Kaanguka. Saa kumi jioni, uani. Dakika mbili. Kajikojolea. Nilimlaza ubavu nikahesabu. Naogopa.

Jumamosi, 8 Machi
Tena. Saa kumi na robo. Kang'ata ulimi. Mama mkwe: "Rudisha ile ya kwanza, mama. Unataka tumzike huku anacheka?" Nikamjibu yule hakuwa mpole, alikuwa kalewa dawa. Kanuna. Nimelia jikoni. Labda napenda kelele zake kuliko uhai wake. Nimeliandika hilo, silifuti.

Jumapili, 9 Machi
Nimesoma kurasa za nyuma. Kabla ya Ramadhani, wiki mbili za karbamazepina, hajaanguka hata mara moja. Nimemwuliza mama mkwe anampa saa ngapi. Wakati wa daku, pamoja na vidonge vyake vya presha. Kingine baada ya futari. "Mwezi mtukufu, dawa za mchana za nini?" Mtoto hafungi, kidonge ndicho kinafunga! Toka daku mpaka futari ni muda wa saa kumi na nne, jioni dawa imeshamwisha mwilini. Fenobarbital ilikuwa mara moja tu, jioni, mfungo haukuigusa. Sikumgombeza. Mimi ndiye sikumweleza.

Jumatatu, 10 Machi
Tekniko kakubali kosa ni saa, si dawa. Dozi ileile, saa kumi na mbili asubuhi na jioni. Akianguka tena, turudi. Mama mkwe kavitenga vidonge vya Anchia na vyake vya presha.

Ijumaa, 21 Machi
Hajaanguka. Ikifika saa kumi nakaa naye uani, simwambii kwa nini. Leo kamfukuza kuku mpaka kwa jirani. Hospitali karbamazepina haijafika, kwetu imebaki ya siku sita. Kesho nampigia dada, Pemba yetu ya Msumbiji. Alete: karbamazepina za miligramu mia mbili, sitini, tutazikata katikati, vyake ni vya mia. Saa ya mezani yenye kengele, awekewe mama mkwe. Malapa ya Anchia, namba ishirini na nane.