Mnyororo Nilioutengeneza kwa Ajili ya Meneja

KITUO CHA POLISI
Maelezo ya shahidi: shauri la kumfunga mbwa nje kinyume cha sheria ndogo

Jina: anajulikana kama Fundi Cheche. Umri: miaka 47. Kazi: kuchomelea vyuma. Makazi: nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya soko. Elimu: darasa la tano, ila ameomba iandikwe kwamba amechomelea meli katika bandari tatu.

Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa. Jana jirani yangu, Mama Nesi, alikamatwa kwa kosa la kumtesa mbwa wake, na amelala mahabusu. Aliyepiga simu polisi ni mimi. Nataka kueleza mnyororo ule ulitoka wapi.

Mbwa anaitwa Meneja. Jina alipewa na marehemu mume wa Mama Nesi, rafiki yangu, kwa sababu alikuwa anabwekea kila mtu na kazi hafanyi. Marehemu alipofariki, mbwa alilala mlangoni siku tisa. Tangu hapo Mama Nesi humwita "mwenzangu". Mimi na mama huyu tunaitana shemeji.

Mnamo tarehe 3 mwezi huu, saa tatu asubuhi, bwana mifugo alipita mtaani akibandika karatasi za sheria mpya ya kufunga mbwa nje. Moja aliibandika kwenye geti la karakana yangu. Watu wakajaa. Kwa kuwa mtu wa vyuma ni mimi, nikasoma kwa sauti: "Moja. Mnyororo usipungue mita tatu." Nikawaambia, "Basi, imeisha hiyo! Sheria yote ni mnyororo mrefu." Shemeji alikuwa anawahi zamu hospitalini. Akaniuliza, "Na hayo mengine ya chini?" Nikamjibu, "Hayo ni ya kujazia karatasi, shemeji. Niachie mimi."

Tarehe 5 nikampelekea mnyororo, zawadi. Mita tatu kamili. Mtaani walikuwa wameshaibiwa mbwa wawili, kwa hiyo sikuweka kulabu ya kufungulia. Upande mmoja niliuchomelea kwenye nguzo ya chuma uani, wa pili kwenye pete ya mkanda wa chuma wa shingoni, na mkanda nikaubana kwa ribiti, misumari isiyofunguka. Nikatamba mbele ya majirani watano: "Huu hata mimi mwenyewe siukati leo wala kesho!" Wakacheka. Shemeji akasema, "Sasa nitamtembezaje?" Nikamwahidi kwamba Jumapili nitakuja kuweka kulabu. Jumapili ya fundi mnaijua, afande.

Jana, tarehe 8, saa mbili kasoro robo asubuhi, nilimwona shemeji akimwekea Meneja ndoo ya maji na kumtandikia gunia kivulini. Nililiona hilo kwa macho yangu. Saa saba na dakika ishirini mchana umeme ulikatika, nikatoka nje kujinyoosha. Muuza mkaa akapita na mkokoteni, na Meneja hakubweka. Nikachungulia juu ya ukuta wa shemeji.

Mimi nimeona mengi. Nimeona mtu akianguka kutoka juu ya jukwaa la meli. Lakini kama hili sikuwahi. Meneja alikuwa amelala juani, kwenye saruji, shingo imebanwa kwenye nguzo. Mnyororo ulikuwa umebaki shibiri mbili. Ndoo ilikuwa imejaa, hatua nne kutoka pale.

Nikapiga kelele mtaa mzima usikie: "Huyu mama katili! Kamfupishia mbwa mnyororo!" Saa saba na nusu nikapiga simu hapa. Ndipo nikaruka ukuta, muuza mkaa nyuma yangu.

Tulimmwagia maji. Nikambeba nizunguke naye nguzo ili nimfungue. Wapi! Mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye nguzo na kujisokota, pete zimeng'ang'aniana kama ngumi. Kulabu hakuna. Umeme hakuna, mashine yangu ya kukatia ikawa pambo. Nikachukua msumeno wa mkono, nikakata dakika arobaini. Chuma changu ni kizuri, afande. Andika hivyo hivyo. Ni kizuri sana. Muuza mkaa alikuwa amekishika kichwa cha mbwa, akasema, "Aliyeunga hiki chuma alaaniwe." Nikaendelea kukata.

Pete ilikatika saa nane na robo. Meneja alinilamba kidole gumba mara moja tu. Hakuinuka tena.

Saa nane na nusu polisi walifika, na shemeji naye akafika. Aliutazama mnyororo, kisha akanitazama mimi. Nikajua atasema, "Ni kazi ya huyu." Aliuliza tu, "Mwenzangu alikunywa maji?" Wakamchukua. Mdomo huu, ambao hata msibani haujawahi kutulia, ulinyamaza.

Leo saa moja asubuhi nilimwomba mpangaji wangu, mwalimu, anisomee karatasi ya getini mpaka mwisho. Mbili: mnyororo uwe na kiungo kinachozunguka, usijisokote. Tatu: uwe na kulabu inayofunguka kwa mkono. Nne: mbwa afikie maji na kivuli wakati wote. Kiungo kinachozunguka naweza kukitengeneza kwa dakika kumi. Ninavyo kumi na viwili kwenye kopo, juu ya meza yangu. Siku ile ninaunga mnyororo, kopo lilikuwa karibu na kiwiko changu.

Shemeji hana kosa, aachiwe. Shimo la Meneja nimeshalichimba, lakini sijamzika. Namsubiri shemeji mwenyewe.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyatenda kwa mikono hii. Nimesomewa yote, nimekiri ni ya kweli.

Sahihi: Fundi Cheche

Maelezo haya nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, tarehe 9, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mnyororo umepokelewa kama kielelezo. Ombi la kumwachia mama nimelipeleka kwa mkuu wa kituo. Nilimweleza shahidi kwamba kwa maneno yake mwenyewe anaweza kulala humu leo, yeye badala ya jirani yake. Alijibu: "Najua, afande. Ndiyo maana nimekuja na sweta."