Kofia ya Mtoto wa Hadija

Muyinga, Jumatatu 8 Julai
Sweta moja ya shule imebaki mikono tu. Nitamaliza kesho. Spoku za baiskeli ninazofumia zilikuwa butu, nimezisugua kwenye jiwe mpaka ncha zikarudi. Mama Neema, jirani yangu wa kutoka Uvira, alikuja kuazima kinu, akakaa mpaka chai ikaisha. Akauliza mjukuu namfumia nini. Nikamwambia sifumi kitu cha mtoto ambaye hajazaliwa. Akacheka. Acheke. Yule wa kwanza wa binti yangu Hadija nilimfumia kila kitu, hata soksi, na vyote vimo kabatini, hakuna aliyevaa. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Huyu wa sasa bado miezi miwili. Akizaliwa nitakwenda Nairobi, nitafuma hukohuko.

Muyinga, Alhamisi 11 Julai
Amezaliwa jana. Mapema mno. Mvulana. Wamemweka kwenye kisanduku cha kioo, hospitalini. Idi, mkwe wangu, amepiga simu, sauti ya mtu aliyelia. Amenikatia tikiti ya ndege ya Jumamosi. Sijawahi kupanda ndege. Wala siiogopi. Naogopa kufika nikute matanga.

Gitega, Ijumaa 12 Julai
Nimefikia kwa mdogo wangu Mwajuma. Alikwenda mpaka mtaa wa Mushasha kunitafutia sufu nyeupe, laini kweli. Akaniwekea mapajani. Nikairudisha mezani.
"Dada, mtoto ameshazaliwa. Sasa we unangoja nini?"
Nangoja aishi. Jibu ni hilo, lakini halisemeki. Akakasirika, akaitia sufu kwenye mkoba wangu pamoja na spoku, na fungu la miswaki ya mti, zawadi ya kumpelekea Idi. Simwelewi mdogo wangu huyu. Anaweza kununa na kukufungia mizigo kwa wakati mmoja.

Ndani ya ndege, Jumamosi 13 Julai
Mwandiko mbaya, ndege inatikisika. Nilipofika uwanjani Bujumbura, Hadija alipiga simu mwenyewe. Mara ya kwanza tangu azae.
"Mama, kofia za hapa ziko kubwa, zinamufunika mpaka ku pua. Banasema joto inatokea kichwani. Umufumie moja."
Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Nikaketi palepale kwenye benchi, nikaanza. Mikono ilikuwa mizito, lakini ilianza. Nilikuwa nimefuma upana wa vidole viwili nilipofika penye ukaguzi. Kijana akazishika zile spoku.
"Mama, hizi vyuma haziwezi ingia mu ndege."
Nikamwambia ni za kufumia. Akagusa ncha, akatikisa kichwa. Na ncha nilizinoa mwenyewe! Nikamwomba anisubiri, nikapitisha uzi kwenye vitanzi visifumuke, nikampa vyuma. Nililia mbele za watu. Hasira tupu.

Ndege ilipopaa ndipo nikaikumbuka miswaki ya Idi. Nimetoa miwili, nimeimenya kwa meno, nimeipaka mafuta ya kujipaka iteleze. Ni minene, na uzi unakwama kila mara. Lakini inafuma. Bwana aliyekaa kando yangu ananitazama kama mchawi. Na anitazame. Hofu ingalipo, sasa inanikuta na kazi.

Nairobi, Jumapili 14 Julai
Nesi ameichukua kofia ikachemshwe kwanza. Sawa. Nimemwona mtoto kupitia kioo. Mdogo kuliko nilivyojiandaa. Kifua kinapanda, kinashuka. Nimesimama pale nikikihesabia mpaka wakaniambia nitoke. Hadija ameniegemea. Amekonda.

Nairobi, Jumatatu 15 Julai
Kofia imemkaa. Penye spoku imebana vizuri, penye miswaki imelegea kama wavu. Nesi anasema inafaa. Usiku alipumua vibaya, asubuhi akatulia. Sikula.

Nairobi, Alhamisi 18 Julai
Wamemtoa kisandukuni, wakamlaza kifuani mwa Hadija. Idi amempa jina, Salum. Nimefurahi mpaka nimeona aibu.
Mchana nilikwenda dukani, nikanunua sindano na sufu ya kijani. Nimeanza sweta. Hadija aliipima kwa kiganja.
"Mama, hii iko ya mtoto wa mwaka mzima."
Nikamwambia ndiyo, ni ya mwakani.