Sola Zilizohamishwa Jumapili

Kinyinya, Gasabo,
Kigali.
20 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Rwema,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu kwenye vumbi, ambalo kwa mvua hizi limekuwa tope. Hujambo? Na mgongo je, umepoa, au bado unabeba magunia ya dukani mwenyewe? Shallon na ujauzito wake wanaendeleaje? Sisi hatujambo. Gaju alikuwa na mafua, yamekwisha. Mimi naumwa kichwa tu, na anayekiumiza ni baba mkwe wangu, ambaye jina lake, kama unavyojua, sithubutu hata kulitamka.

Nilikwambia paa linavuja juu ya chumba cha Gaju. Bati lilikuwa limeoza kwa kutu chini ya zile paneli za sola, kwa hiyo ilibidi zishushwe, bati libadilishwe, kisha zirudishwe. Kazi ya kutwa moja. Nilikuwa nimeshapatana na fundi Cyriaque wa Gisimenti. Baba mkwe akasikia, akauliza kwa upole kama nyumba hii haina fundi. Hapo ungejibu nini? Mzee alikuwa fundi umeme kiwandani huko Kagera mpaka akastaafu, na tangu mama mkwe afariki yuko kwetu, amekaa tu akingoja kitu kiharibike. Nikampigia Cyriaque asije.

Mume wangu nilimweleza kwamba mtu wa miaka sabini na sita hapandi paa. Sangwa akanijibu, "Mwache baba," kisha akapanda basi la Huye, kikazi. Wanaume wa nyumba hii wamenichosha, nakwambia kweli.

Basi paneli zikashushwa. Aliyeshika ngazi ni mimi, uso nimeugeuzia ukutani, maana mkwe hasimami chini akamkodolea macho baba mkwe wake. Kila bati likilia huko juu najiuliza kama ameteleza, na kutazama siwezi! Halafu mvua ikashika. Paneli zikahamia sebuleni, zimeegemezwa kwenye makochi, na wageni tukawa tunawapokea jikoni.

Balaa lilikuja wakati wa kuzirudisha. Baba alikuwa ameona kwenye simu fundi wa Ulaya akisema lazima paneli zielekee kusini. Huko kwao sawa. Hapa jua linatupita utosini, na adui ni kivuli tu. Sasa upande wetu wa kusini jirani ameinua ghorofa, mchana ukigeuka tu linatufunika. Nilijaribu kusema kwamba pale pa zamani zilikuwa zinafanya vizuri. Akanijibu, "Mama Gaju, kule tulikuwa tunabahatisha. Sasa tunafanya kitaalamu."

Kwa utaalamu huo taa zikafifia, na friji la maziwa ninayouza likawa linazima kila jioni. Mtindi ulichacha mpaka wateja wakanirudishia. Baba akalaumu mawingu. Nilitamani kupiga kelele, nikaenda kufua.

Jumapili, Baba alipokwenda kanisani, nikamwita Cyriaque. Ibada yao huwa ndefu. Alipanda, akaanza kucheka.

"Mama, hapa iko kivuri tupu! Nani alifanya hii?"

Nikamwambia afanye kazi, maswali ayaache. Akazirudisha upande wa zamani. Lakini nyaya, betri na inveta hakuzigusa. Alizitazama, akatikisa kichwa. "Huyu wa nyaya ni fundi kweri. Mimi siwezi fanya safi hivi." Baba aliporudi friji lilikuwa linanguruma. Akatazama juu, akala chakula, akasema mawingu yameondoka. Nikamshukuru Mungu.

Jumatatu asubuhi akaniita barazani. Akasema taratibu, "Aliyekaza zile nati amekaza vizuri. Asante kwa kunisubiri niende kanisani." Afadhali angegomba, ningejua pa kujificha. Alibeba sanduku lake la spana akaliweka stoo, nyuma ya magunia ya maharage, na tangu hapo hajauliza hata kama kitasa kimelegea. Mzee aliyekuwa akinifuata jikoni na bisibisi! Kelele zake zilinichosha, sasa kimya chake kinanichosha zaidi. Na kumwomba radhi siwezi, kwa sababu aliyoyafunika yeye kwa heshima nitakuwa nimeyafunua mimi.

Kwa hiyo nina ombi, na usinikatalie. Ulisema paa la duka lako linabadilishwa mwezi ujao na sola zako zitashushwa. Mpigie Baba wewe mwenyewe, umwombe aje Bukoba. Jina langu usilitaje. Paani waweke vijana, ila nyaya, betri na inveta mwachie yeye, na usijifanye unajua. Sikuombi umhurumie. Fundi wa nyaya kama yeye hutampata hapo mjini. Ila ngazi uifiche, tafadhali.

Nisalimie sana Shallon, shangazi Mukabalisa, na Kenny, mwambie nimesikia habari za mtihani wake na sijafurahi. Mungu awalinde nyote, amfungue Shallon salama, na duka lisikose wateja.

Nafunga barua nikiwa hapa barazani, mwandiko umeharibika kwa sababu giza limeingia. Waya wa taa ya hapa niliulegeza mwenyewe juzi, makusudi. Baba amepita chini yake jana, na leo tena. Sasa hivi ametoka, akaona naandika gizani, akaniwekea mshumaa mezani, akarudi ndani.

Mpigie, Rwema.

Dada yako akupendaye daima,
Kayitesi