Ngozi ya Maji

Bagamoyo, 10 Mei 2025

Mpendwa Mama mdogo Tatu,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na kazi ya mafuta ya nazi hapo Kerege? Mimi mzima, ila moyo hautulii.

Ijumaa kuna maonyesho ya sayansi. Nanyunyiza poda juu ya maji kwenye beseni, kisha naweka kitone kidogo cha mafuta kwa ncha ya sindano. Kila chembe ya mafuta ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia. Basi zinajipanga zenyewe, vichwa chini, mikia juu, safu moja tu, na poda inasukumwa pembeni, ikiacha duara. Ukipima kitone na duara, unajua urefu wa chembe moja! Lakini kwangu kitone kinakaa tu kama kimesusa, na beseni la bwenini nimeliosha kwa sabuni mara tatu. Nisipofaulu hadi Alhamisi, Mwalimu Medard atampa Mikdad nafasi yangu.

Mwanao,
Sabiha

Kerege, 12 Mei 2025

Mwanangu Sabiha,

Marahaba. Mgongo unauma nikiosha vyombo tu, nikienda harusini umepona.

Hilo beseni si ndilo mnalosukia nywele, vidole vimejaa nazi? Basi maji yako yana ngozi tayari. Kitone kimekuta watu wamejaa, kikae wapi? Sabuni nayo inaacha ngozi yake. Mimi chombo cha mafuta nasugua kwa majivu, nasuuza, kisha namimina maji hadi yafurike. Ngozi inamwagika na maji ya juu. Usichovye kidole! Na huyo Mikdad asubiri.

Mama yako mdogo,
Tatu

Bagamoyo, 17 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama. Mimi sauti imekauka.

Alhamisi poda ilikimbia kufumba na kufumbua, ikaacha duara la sentimita ishirini. Unene wake ni milimita moja ukiigawa mara laki tano!

Jana nilieleza nikiyatazama maji, si watu. Jaji mmoja, mzee wa suti, akasema, “Mbona sioni kitu hapa?” Akachovya kidole katikati. Duara likavurugika.

Nikamwambia, “Naomba utoe mkono, mzee. Umeleta mafuta yako.”

Watu wakacheka. Nikamimina ndoo nzima, maji yakafurika hadi kwenye viatu vyake, nikarudia. Duara likafunguka. Safari hii nilieleza nikimtazama yeye.

Nimechaguliwa kwenda maonyesho ya mkoa, Kibaha. Mwalimu Medard anataka ukija Jumapili akuulize kuhusu majivu. Nimemwambia ajiandae, maana na wewe utamuuliza kuhusu Mikdad.

Mwanao,
Sabiha