Rafiki wa Marehemu

Jumatatu, 3 Februari. Kakuma.

Nimefagia kiwanja cha Toto kabla jua halijawa kali. Nikasali rozari mlangoni, Matendo ya Furaha, lakini furaha yenyewe sikuiona. Chai ya rangi. Vumbi kooni. Kila asubuhi hivyo tangu nifike.

Toto ndivyo sisi Waturkana tunavyomwita mama. Walimzika siku nne kabla ndege yangu haijatua. Alisema mbele ya katekista na dada yangu mdogo Akiru kwamba nyumba hii ni ya Arot. Arot ni mimi. Akiru ana boma lake Lorugum, hana kinyongo. Toto alisema, "Arot akiwa na mlango hapa, atarudi."

Vyumba viwili vya udongo, mabati juu, mwarobaini mmoja. Wapimaji wa viwanja wanakuja. Chifu ametangaza: ikifika Ijumaa kila nyumba iwe na jina la mtu mwenye karatasi, la sivyo kiwanja kitahesabiwa hakina mwenyewe.

Karatasi. Hapo ndipo nilipokwama.

Jumanne, 4 Februari.

Kwa padri niliungama zamani. Kwenye daftari sijawahi. Basi niandike.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Ndani ya kambi ya wakimbizi kulikuwa na chakula, sisi wenyeji nje hatukuwa nacho. Mama mmoja Mtoposa kutoka Sudan, tuliyemletea kuni, akanifundisha kuongea kama wao. Lugha yao na yetu ni dada. Nikajiandikisha kuwa Mtoposa, nikaitwa Maria Nachap. Miaka ikaenda, Maria akaitwa kwenda Australia. Kwenye mahojiano wakaniuliza mama yako yuko wapi. Nikasema aliuawa vitani, Kapoeta, hukohuko Sudan. Nikalia, na machozi yakaja ya kweli.

Toto saa hiyo alikuwa nje ya uzio anauza makaa. Nilipotoka alinipa maji ya kunywa.

Leo mimi ni raia wa Australia. Pasipoti inasema nimezaliwa Kapoeta. Akiru hajui. Nadhani hajui.

Jumatano, 5 Februari. Lodwar.

Tumefika na Akiru saa tatu asubuhi. Joto la kukaanga mtu. Karani wa ardhi ni mama mpole, kaniita dada. Akaeleza vizuri: aliyezaliwa Kenya anaweza kuurudisha uraia wake, akawa raia wa nchi mbili, na nyumba haitamshinda. Mgeni kabisa anaandikiwa ardhi ya kukodi tu, miaka tisini na tisa. Akanyoosha mkono apewe pasipoti. Akasoma Kapoeta. Akanitazama. Akanipa fomu ya wageni.

Uhusiano wako na marehemu.

Kalamu ikasimama. Nikiandika binti, pasipoti inanikana. Australia wakijua, huenda wakanivua uraia, na wanangu wako huko. Nikaandika: rafiki.

Karani akasoma kwa sauti. "Rafiki wa marehemu?"

Nikasema ndiyo.

Petro alipokana, angalau jogoo aliwika. Hapa ilikuwa feni tu. Niligeuka, benchi la Akiru lilikuwa tupu.

Fomu nimerudishiwa, inataka barua ya chifu. Kwenye gari hadi Kakuma Akiru alikaa mbele kwa dereva. Nami nilimshukuru kwa hilo. Mwoga mimi.

Alhamisi, 6 Februari.

Hata salamu ya "ejok" Akiru hakunipa leo. Amepika, ameniwekea chakula kwenye sahani ya wageni.

Mchana nimeshindwa. Nimepiga magoti nikamwambia yote, kambi, Maria, Kapoeta. Nilingoja kofi. Akacheka. Kicheko kibaya.

"Arot wewe! Unatuletea habari ya mwaka gani? Yule Mtoposa alimwambia Toto wiki ileile. Toto mwenyewe alijiita marehemu wa Australia. Ukipiga simu anatufokea, nyamazeni, marehemu anaongea!"

Kumbe mtaa mzima. Miaka yote nimeificha, na wao wanaitania kwenye foleni ya maji. Kwenye simu Toto aliniuliza tu kama nimekula.

Nikauliza, alinisamehe?

"Alicheka. Kusamehe hakusema."

Kisha akaacha kucheka. "Ile ya zamani ilikuwa njaa. Ya jana ilikuwa nini?"

Ilikuwa woga. Nimetafuta neno zuri kuliko hilo, sikulipata.

Ijumaa, 7 Februari.

Baraza kwa chifu. Fomu ilikuwa kwenye mkoba wangu, imejazwa yote. Ilibaki kuitoa tu, angalau nipate hiyo ya kukodi. Nilikuwa nimesali kutwa ya jana, lakini sala haikunitia nguvu, niseme kweli.

Chifu akaita nyumba ya Toto. Mrithi ni nani? Shingo zote zikanigeukia. Nikasimama. Nikasema mimi ni Arot, kifungua mimba wake, karatasi ya kuonyesha hivyo sina, na kosa ni langu. Andika Akiru.

Mzee mmoja akadakia, "Lakini wewe, mama yako si alikufa zamani, Kapoeta?" Wakacheka hadi wanawake wakapangusa macho. Uso uliniwaka. Nilitamani ardhi ile wanayoipima inimeze.

Chifu hakucheka. Akachukua kitambulisho cha Akiru, akaandika namba polepole.

Basi. Mlango aliouacha Toto si wangu tena. Nimeupoteza mwenyewe, kwa mdomo wangu, zamani sana. Fomu nimeitia kwenye jiko.

Jumapili, 9 Februari.

Misa ya kwanza. Nimekomunika.

Baadaye tumekwenda kaburini, Akiru, mimi na wanawake wa jumuiya, kila mmoja na mawe yake. Jiwe kubwa tumelibeba wawili, mimi na Akiru. Hajanisamehe lakini alishika upande mzito.

Katekista alikuja na msalaba na kopo la rangi. Jina la Toto alikuwa ameshaliandika. Akataka majina ya watoto, yawe chini yake. Akiru akataja lake. Kisha katekista akaniangalia, brashi mkononi, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kukosea jina.

Nikamwambia Arot.

Akauliza linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.